Kofia ya Ra na Kioo cha Kamchape

Mazungumzo ya leo yanaanzia sayari ya mbali sana, lakini msizime redio, maana huko hatutakaa muda mrefu.

Siku ya gulio, ukichungulia kwenye kibanda umiza chochote cha huku kwetu Kigoma, utakuta vijana wamebanana kwenye mabenchi, giza, joto la pumzi, na runinga moja mbele. Picha ni ya Kimarekani. Sauti ni ya Mswahili mwenzetu anayetafsiri, na akiona mambo yamepoa anatia chumvi yake. Wazee wanadhani mle ndani ni ngumi na risasi tu. Si kweli. Kuna aina ya muvi ambayo mimi naiheshimu: steringi anafika sayari nyingine, anakuta wenyeji wamepiga magoti mbele ya mungu mwenye sauti ya radi, na kabla muvi haijaisha, mungu yule ameonekana kuwa kiumbe tu mwenye mashine.

Inayojulikana sana katika hizo ni Stargate, ya mwaka 1994. Pete kubwa ya ajabu inafukuliwa Misri, kwenye mapiramidi ya Giza, na muvi inasema ilifukuliwa mwaka 1928. Kwa bahati tu, mwaka huohuo Waingereza hapa Tanganyika walikuwa wanatunga Sheria ya Uchawi, ambayo imebaki kwenye vitabu vyetu vya sheria baada ya wao kuondoka. Miaka mingi baadaye ile pete inawashwa. Askari wa Kimarekani wanaivuka pamoja na msomi mmoja wa maandishi ya kale, wanatokea jangwani, sayari nyingine. Wanawakuta binadamu kama sisi wanachimba madini mchana kutwa kwa ajili ya Ra, mungu jua. Kusoma na kuandika ni marufuku. Ra ana sababu zake: zamani watu wa duniani walimwasi, naye hataki hawa wa huku waikute habari hiyo imeandikwa mahali.

Walinzi wa Ra wana vichwa vya mwewe na vya mbweha. Wenyeji wakiwaona wanaanguka kifudifudi. Halafu inakuja ile sehemu ambayo hata mtoto anayeuza karanga mlangoni anasimama kuangalia. Mlinzi mmoja yuko mikononi mwa waasi, wenyeji wamezunguka, hawaamini macho yao. Kile kichwa cha mwewe kinajikunja kipande kwa kipande, kinarudi nyuma, na chini yake kuna uso wa mtu. Pua, macho, ngozi. Ilikuwa kofia. Kuanzia hapo mungu kwisha habari yake. Kilichobaki ni bomu la kumpelekea kule juu kwenye chombo chake.

Ubishi wangu na muvi uko hapohapo, kwenye kofia. Lakini nitaufikia.

Ra si wa kwanza. Mwaka 1967 Mmarekani Roger Zelazny alitoa riwaya iitwayo Lord of Light. Humo watu wa duniani wamehamia sayari nyingine, na wale waliokuwa wakiendesha chombo wamejitwalia majina ya miungu ya Kihindi na kuwatawala wajukuu wa abiria wao wenyewe. Wana mashine za kuhamisha nafsi ya mtu kutoka mwili mzee kwenda mwili mpya, na mwili mpya hupewi mpaka upimwe utii wako. Mtu akigundua upya mtambo wa kupiga chapa vitabu, miungu inauvunja. Na kuna mashine ya kusali: unatumbukiza sarafu, sala inakwenda. Ikumbukeni hiyo sarafu.

Riwaya hiyo ina kisa chake cha pembeni ambacho siwezi kukiruka. Watu walitaka kuitengenezea filamu, wakaandika mswada, fedha zikakwama. Mwaka 1980, wanadiplomasia sita wa Marekani walipokuwa wamejificha Tehran kwa Wakanada, majasusi wa Marekani waliuchukua mswada uleule, wakaubadilisha jina ukawa Argo, wakaingia Iran wakijifanya watu wa filamu wanaotafuta mandhari, na mwezi Januari wakawatoa wenzao kwa ndege ya abiria. Yaani hadithi ya miungu feki ikatumika kuwa filamu feki. Mungu wa uongo akitumika vizuri anaokoa watu, sijui tuseme nini.

Kwa Kiswahili tunaye Katama Mkangi, mtu wa Kilifi, mwalimu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 enzi za Moi. Mwaka 1995 alitoa Walenisi. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo cha kwenda kummaliza, na chombo hichohicho kinamfikisha sayari nyingine ambako watu wanaishi sawa kwa sawa. Mkangi hakupeleka jeshi angani. Miungu yake ya uongo aliiacha nyumbani, kwenye nchi iliyomhukumu Dzombo, na ile sayari ikawa mahali pa kukaa uitazame nchi yako kwa mbali. Nampenda kwa hilo. Wamarekani wakienda angani wanakwenda kuwakomboa wengine. Mkangi alikwenda kujisuta mwenyewe na majirani zake.

Basi na sisi tujitazame.

Kabla sijasema neno, niwatoe hofu wazee. Imana, ambaye Waha wamemjua tangu zamani kuwa ndiye muumba, simhusishi na habari za Ra. Wala siwasemi vibaya abateko, wale wazee wa ardhi waliotambikia nchi hii na kugawa mashamba kabla koloni halijaingia. Mtu anaweza kuamini asiamini, lakini sijasikia kwamba Imana aliwahi kumtuma mtu kupitisha daftari la michango nyumba kwa nyumba.

Anayepitisha daftari ni kamchape, msaka wachawi. Wengine wanawaita lambalamba. Nani katika mkoa huu wa Kigoma hajawasikia? Kijijini panaanza maneno: watoto wanakufa, mihogo haishiki, kijana aliyetoka chuo anaokota makopo. Maneno yakiiva, panatafutwa watu wa kuja kusafisha kijiji. Kila kaya inachanga: ile sarafu ya mashine ya kusali ndiyo hii. Wanakuja na ngoma, na dawa, na madoido. Wanaingia nyumba hii na ile, wanachimba chini ya kitanda, wanachimba mlangoni, na wanatoka na pembe. Au kibuyu kilichofungwa kitambaa. Au mfupa. Kelele zinapigwa, mwenye nyumba anatolewa nje, anachanjwa, anatozwa. Anayekataa kuchanga anaulizwa anaficha nini. Mwenyekiti wa kitongoji akisema serikali imepiga marufuku, na ni kweli viongozi wa mkoa na polisi wamepiga marufuku tena na tena, ananong'onezwa kwamba basi huenda naye ana lake jambo.

Haya hayakuanzia kwetu. Miaka ya 1930 palizuka vijana Nyasaland, Malawi ya leo, wakivuka kwenda Rhodesia ya Kaskazini, wakiitwa wachapi. Audrey Richards, Mwingereza aliyekuwa akiishi kwa Wabemba kuchunguza maisha yao, aliwaona kwa macho yake, na mwaka 1935 akachapisha makala. Anaeleza vijana waliovaa mavazi ya kizungu, nadhifu kama makarani. Kijiji kinapangwa mstari. Mchapi anawapa watu mgongo, ameshika kioo kidogo cha duara, na watu wanapita nyuma yake mmoja mmoja huku yeye akitazama sura zao humo kiooni. Sura ikimkaa vibaya, mtu anatolewa mstarini na kuambiwa asalimishe pembe zake. Kisha watu wote wananywa dawa, na aliyekunywa akirudia uchawi, dawa itamuua. Pembe zilizosalimishwa zilirundikwa njiani wazi kila mtu azione. Richards alipozichunguza, aliona nyingi ni vyombo vya dawa za kawaida, kama zile ambazo mzee yeyote wa wakati huo angekuwa nazo, za kikohozi, za uzazi, za kuvutia bahati ya mawindo.

Baadaye mambo hayo yakaingia Ufipa, majirani zetu wa kusini, yakiitwa kamchape, na katika miaka ya 1960 mtafiti mwingine, Roy Willis, aliyakuta Sumbawanga yako motomoto. Ni mawimbi: yanakuja, yanaondoka, yanarudi na vijana wapya na nguo mpya. Kutoka Ufipa kuja Buha njia inajulikana.

Sasa rudini kwenye kofia ya Ra. Kwenye muvi, kofia ikivuliwa watu wanafunguka macho. Mtu anaonyeshwa kitu kwa mkono, anakishika, anaacha kuabudu. Lakini mtazameni kamchape anafanya nini. Naye anavua kofia! Anakuja kama steringi. Anawaambia watu: huyu mnayemwamkia kila siku, huyu bibi anayewapa watoto wenu ndizi, si huyu mnayemwona, njooni niwaonyeshe. Anachimba, anatoa pembe, anaiinua juu. Ushahidi huo hapo, una udongo bado. Watu wanashangilia kama wanavyoshangilia wale waasi wa jangwani. Kila mmoja pale uwanjani anaamini kwamba amefunguliwa macho leo, na kwamba jana ndiyo alikuwa gizani.

Hilo ndilo Hollywood hawakuliona. Mungu wa uongo wa kwao anakaa juu, anatisha, anaogopwa, kwa hiyo ukimvua kofia umemaliza. Wa kwetu anafika amevaa nguo za mkombozi. Ubishi wako anao yeye tayari, anautumia. Ukisema, "Jamani, tuchunguze," anasema, "Ndiyo maana nimekuja."

Tofauti ya kweli, kwa maoni yangu, iko kwenye kidole. Tazama kinaelekea wapi. Ra yuko juu, waasi wananyoosha kidole juu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mwaka 1904 na 1905, alisema amepewa na pepo aitwaye Hongo maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika, na risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita dhidi yao ikaendelea bila yeye, na kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe watu wetu 75,000 walikufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi kwa njaa. Maji yalikuwa ya uongo, na gharama yake ilikuwa kubwa kiasi hicho. Pamoja na hayo, siwezi kumweka Kinjikitile kapu moja na kamchape. Kidole chake kilielekea kwa aliyeshika kiboko na kuwalimisha watu pamba kwa nguvu. Kilielekea juu. Ebrahim Hussein alipomwandikia tamthilia mwaka 1969 alimpa mashaka, akampa uzito wa mtu anayeona neno lake limemponyoka. Nani atamwandikia kamchape tamthilia ya namna hiyo? Mashaka yake yako wapi?

Kidole cha kamchape kinaelekea chini na pembeni. Kinamwelekea mjane asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea. Kinamwelekea mzee mwenye shamba zuri la migomba ambalo wapwa wamechoka kulisubiri. Huko Usukumani kiliwaelekea mabibi wenye macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka arobaini, wakiwapikia haohao wanaowashutumu. Sijawahi kusikia kamchape amechimba pembe chini ya kitanda cha mtu mwenye gari.

Na kidole kikishazoea kunyooka, hakimngoji tena mgeni mwenye kioo. Oktoba 2014, kijiji cha Murufiti, hapahapa Kasulu, watu saba walichomwa moto wakituhumiwa uchawi. Watano kati yao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Polisi iliwakamata watu 23, mganga wa kienyeji akiwa miongoni mwao. Habari ilifika mpaka London ikasomwa kwenye taarifa za dunia, na kwa siku mbili tatu Kasulu ikajulikana kwa jambo hilo. Wale saba ni baba na mama za watu wanaonisikiliza sasa hivi, kwa hiyo sitaongeza.

Kuna msikilizaji ataniuliza: na Babu wa Loliondo je? Yule namtenga. Mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila wa kijiji cha Samunge aligawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni za magari zilikwenda kilomita na kilomita, mawaziri walikunywa, wapo wagonjwa waliofia njiani. Hakumnyooshea mtu kidole. Hakutajirika kwa kiasi ambacho angeweza. Na hakuna aliyempindua: foleni ilipungua, ikapungua, ikaisha, na mzee akabaki Samunge mpaka alipofariki mwaka 2021. Ila aliyejaza foleni ile si yeye. Ni sisi tulioshika maikrofoni na kalamu, nchi nzima, tukihesabu magari badala ya kuhesabu waliopona.

Kwa hiyo nataka hadithi nyingine. Mkoa huu umemtoa marehemu Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya aliyempa mpelelezi wake Joram Kiango maisha na kumfanya apendwe mpaka Mombasa. Kwa hiyo msiniambie kwamba hadithi ni kazi ya watu wa Dar es Salaam. Nataka steringi wa kutoka Murungu, hapahapa kwetu, na awe msichana, tena mdogo, wa kidato cha pili. Afike hiyo sayari, vyovyote atakavyofika, hilo halinisumbui. Pete, ungo, lori la mihogo lililopotea njia. Akute hakuna Ra. Hakuna mnara, hakuna radi. Kuna kijiji tu chenye baridi kama ya Kasulu mwezi wa sita, na timu ya vijana nadhifu imewasili asubuhi hiyo na vioo vyao, na watu wanawashangilia.

Mpeni kazi hiyo. Afanye nini? Akivunja vioo, ataambiwa ndiye mchawi mkubwa. Akipiga kelele kwamba pembe ni ya dawa ya kikohozi, nani atamsikiliza mtoto? Labda afanye kile ambacho Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, amekuwa akikifanya pale Unguja tangu mwaka 1960, yaani akae kitako (kiko amwachie Bwana Msa), aanze maswali madogomadogo: nani aliingia nyumba hii jana usiku? Udongo huu wa kwenye pembe mbona mwekundu, na wa hapa ni mweusi? Nani alisema bibi huyu aanze kuchimbiwa, na shamba lake linapakana na la nani? Maswali hayo hayana mlio wa bomu. Kibandani watu watapiga miayo. Lakini mwandishi mzuri atawashika, kwa sababu kila mmoja kwenye benchi anajua jibu la lile swali la mwisho, na hataki litajwe.

Tena hadithi isiishe timu ilipofukuzwa. Stargate inaishia mungu amelipuka na watu wanashangilia juu ya mchanga. Mimi nataka kesho yake. Kesho yake, yule bibi aliyechanjwa na jirani aliyemshika mikono wakati anachanjwa wanakutana kisimani, na kisima ni kimoja. Nani anaamkia kwanza? Kwa desturi ni mdogo kumwamkia mkubwa, shikamoo. Sasa ataisemaje? Na ile michango ya kila kaya, iliyokwenda na vijana nadhifu, itarudishwa na nani? Mtendaji? Sungusungu? Ra naye alikuwa na ghala la madini, na hadi leo hakuna muvi iliyotuambia liligawanywaje.

Andikeni. Kwa daftari, kwa simu, kwa Kiswahili chenu cha Buha, msione haya. Mkileta hapa studio tutazisoma Jumapili, ndefu zitakatwa sehemu mbili. Steringi akifa, na afe, hatuna neno. Sharti langu ni moja: bomu marufuku.